Kivuli Chenye Kofia

"Simama hapo," Kaka Mkubwa alisema. "Leo wewe ndiye bwana harusi."

Alisema akicheka, kama mtu anayemwagiza mwenzake maji ya kunywa. Jioni, mpiga picha wake, hakucheka. Aliitazama alama ya chokaa aliyoiweka mwenyewe kwenye nyasi, nusu hatua kutoka aliposimama Mwalimu, akaona kwamba shimo la kumzika amelichimba kwa mkono wake na sasa anaombwa kwa heshima aingie.

Mambo yalikuwa hivi. Mwalimu, aliyefundisha watoto wa chekechea na aliyekuwa dada wa Kaka Mkubwa, baba mmoja mama mmoja, alikuwa amechumbiwa. Mchumba mwenyewe ukoo mzima ulimwita Mhandisi. Alikuwa kazini nchi ya mbali na mkataba haukumruhusu kurudi mpaka wiki ya harusi. Kadi za mwaliko zilitakiwa kuingia mtamboni Ijumaa, na kadi zilitaka picha ya wawili hao wakiwa pamoja. Wawili hao walikuwa hawajawahi kusimama pamoja hata mlangoni.

"Tukiweka picha mbili, huyu huku na yule kule, watu watasema binti yetu anaolewa na simu," Shangazi alikuwa amesema, na Shangazi akishasema, kikao kimekwisha.

Ikaamuliwa Mwalimu apigwe picha nje, kwenye mwanga wa jioni, kisha Mhandisi akatwe kwenye picha aliyoituma na abandikwe pembeni yake. Katika studio ya Kaka Mkubwa kazi hiyo aliiweza mtu mmoja tu. Ndiyo maana walimwita Jioni. Mpe picha za vitambulisho, ni mpiga picha kama wengine. Mpe ile nusu saa ambayo jua limelegea na kila kitu, hata ndoo iliyotoboka, kinapata rangi ya asali, hapo utamtafuta mwenzake usimpate.

"Lakini kwa nini nisimame mimi?" Jioni aliuliza. "Tungeweka hata fimbo."

"Fimbo haina macho. Huyu akitazama hewa atatoka na macho ya kuku aliyenyeshewa. Anataka mtu wa kumtazama. Urefu wako na wa Mhandisi ni mmoja. Ukishamaliza unajifuta, unamweka mwenyewe. Si ndivyo ulivyonieleza?"

Ndivyo alivyomweleza. Mtaalamu hunyongwa kwa kamba ya utaalamu wake.

Akaifunga kamera kwenye stendi, akaipanga ijipige yenyewe kila baada ya sekunde nne, akaenda kusimama kwenye alama. Ulikuwa uwanja wa shule, siku ya likizo. Magoli hayakuwa na nyavu. Jua lilikuwa nyuma yao, limeshuka usawa wa paa la madarasa, na vivuli vyao viwili vilinyooka mbele yao kwenye nyasi, virefu, mpaka karibu na miguu ya kamera. Kaka Mkubwa alishika ubao mweupe wa kurudisha mwanga usoni kwa dada yake.

"Mtazame, Mwalimu. Usimtazame kama umemkuta na daftari chafu."

Ka, ikalia kamera. Kisha ka tena.

Simu ya Kaka Mkubwa ikaita. Akaangalia kioo, uso ukachanua. "Shemeji mwenyewe huyo! Msitoke hapo, mwanga unakimbia." Akauegemeza ubao kwenye begi akaenda zake kule golini, akipunga mkono hewani kama watu wanaoongea na ng'ambo.

Wakabaki wawili, na kamera.

"Umenyamaza," Mwalimu alisema.

"Nakuwa yeye."

"Yeye hanyamazi. Kwenye simu anaongea kama redio ya kinyozi."

"Anaongea nini?"

"Marumaru. Anataka sebule iwe na marumaru nyeupe. Wiki nzima hii ameniuliza swali moja tu: kama nadhani nyeupe itashika uchafu."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia itashika."

Jioni alitaka kucheka, akajizuia. Kamera ikalia.

"Ni mtu mbaya?" aliuliza.

"Si mbaya. Hilo ndilo tatizo. Angekuwa mlevi, angekuwa mwongo, ningekuwa na la kusema nyumbani. Mtu mzuri, ana kazi nzuri, kaka anampenda, baba kakubali. Niseme nini? Nikisema simtaki wataniuliza, una mwingine? Nitajibu nini? Ndiyo, ninaye, ila yeye mwenyewe hajaniambia?"

Upepo ulipita ukalegeza kitambaa chake cha kichwani. Jioni alinyoosha mkono kukirekebisha, kama anavyofanya kwa wateja wote, kisha akakumbuka huyu si mteja, mkono ukabaki njiani.

"Miaka mitatu," Mwalimu akaendelea, sauti ya chini, macho hayabanduki kwake. "Nikileta chakula cha kaka, unanipiga picha. Nikisubiri mvua iishe barazani, unanipiga picha. Unayo mikono yangu, visigino vyangu, unayo mpaka picha nikipiga chafya. Neno moja sina."

"Kaka yako..."

"Sijakuuliza habari za kaka yangu."

"Aliniokota nikifagia mtaani. Kanifundisha kushika kamera, kanipa chumba nyuma ya studio. Jumapili nakula mezani kwenu. Baba yako ananiita mwanangu. Ukishaitwa mtoto kwenye nyumba, binti wa nyumba hiyo ni nani kwako?"

"Kwa hiyo mimi ndiyo shukrani ya ufagio?"

"Mwalimu..."

"Jibu."

"Nikisema, napoteza nyumba mbili kwa siku moja. Ninamofanya kazi na ninamokula."

"Na usiposema?"

Hakuna jela yenye ukuta mrefu kama wema wa mtu. Mtu akikufunga kwa kamba utatafuta kisu. Akikufunga kwa sahani ya chakula na neno "mdogo wangu", kisu utakitoa wapi?

Mwalimu alishusha macho kidogo. "Huyo Mhandisi, kwenye picha aliyotuma, ameshika nini?"

"Hajashika kitu. Ameweka mikono mfukoni."

"Basi huu ni wako." Akamshika mkono.

Mkono wake ulikuwa na vumbi la chaki hata siku ya likizo. Jioni akageuza uso wote kumtazama. Alikuwa na kofia yake ileile ya kila siku, yenye ukingo uliovunjika katikati, na alisahau kuivua. Alimtazama bila kamera katikati yao, mara ya kwanza tangu amjue, na alichokiona usoni kwake kilimfanya asahau kwamba kamera bado inapiga.

Ka.

"Mhandisi anawasalimu!" Kaka Mkubwa alipaza sauti kutoka golini, akirudi mbiombio. Mikono ikaachana. "Anasema umpendezeshe, Jioni. Nimemwambia aondoe wasiwasi, yuko mikononi mwa mdogo wangu."

*

Asubuhi yake Kaka Mkubwa alivuta kiti akakaa kando ya Jioni mbele ya kompyuta, glasi ya chai mkononi, kama mtu anayesubiri mpira uanze. Kwa kawaida alikaa mbele na wateja. Siku hiyo alifunga mlango.

"Zionyeshe."

Picha zikapita moja moja. Mwalimu amekunja uso, Mwalimu anaongea, Mwalimu anatazama viatu. Jioni alikuwa amekusudia kuiruka ile moja, lakini kidole kilichelewa.

"Hapo! Hapo hapo!" Kaka Mkubwa nusura amwage chai. "Ona uso huo. Uso wa mtu anayependa. Aisee, dada yangu kumbe anampenda Mhandisi kiasi hiki na hasemi!"

Jioni aliutazama uso kwenye kioo. Ulimtazama yeye.

"Ila mmeshikana mikono," Kaka Mkubwa akasema taratibu.

"Pozi tu. Tulikuwa tunajaribu."

"Mhandisi mikono yake iko mfukoni."

"Nitachukua mkono wa Mwalimu kwenye picha nyingine, ule ulioning'inia, niuweke hapa."

"Haya. Fanya."

Basi akafanya. Alikuza picha mpaka kila nukta ikawa kama tofali, akaanza kujikata kwa mausi, taratibu, kuanzia begani. Ni kazi ya kujichinja bila damu. Alifuta bega lake. Akafuta shingo, sikio, kofia. Alipofika kwenye vidole, vinne vyake na vinne vya Mwalimu vimepitana, ilibidi asimame afute macho, akasingizia mwanga wa kioo.

"Pole. Vaa miwani," Kaka Mkubwa akamwambia kwa huruma ya kweli.

Kisha akamleta Mhandisi. Mhandisi alikuwa amepigwa ndani ya ofisi, taa ya dari juu ya utosi, uso mweupe kama karatasi. Jioni alimtia joto la rangi. Alijaribu manjano, akatoka kama mgonjwa wa ini. Alijaribu nyekundu, akatoka kama aliyepigwa kofi. Akachanganya kidogo hiki na kidogo kile, akampaka ukingo mwembamba wa mwanga kwenye mabega ili aonekane jua liko nyuma yake. Mwanga bado ukamkataa, kwa sababu ulimpiga upande usio wake. Akamgeuza, kushoto kukawa kulia.

"Saa imehamia mkono wa pili," Kaka Mkubwa akaona.

"Niirudishe?"

"Achana nayo. Nani ataoa saa?"

Walicheka wote wawili, na kicheko kile kilimuuma Jioni kuliko kufuta vidole. Alimpenda mtu huyu. Ndivyo ilivyokuwa na hakuna wa kumlaumu.

Saa sita Mhandisi alikuwa amesimama kwenye nyasi kama aliyeota pale. Mwalimu alimtazama kwa macho yale. Kadi ilikatiwa kiunoni, kama kadi zote, maneno ya mwaliko yakae chini. Jioni akaihifadhi kadi, kisha akarudi kuitazama picha nzima mara ya mwisho, kuanzia juu hadi chini.

Chini, kwenye nyasi, vivuli viwili vilikuwa bado vimeshikana mikono. Kimoja kilikuwa na kofia yenye ukingo uliovunjika.

Kukifuta ingekuwa kazi ya dakika kumi. Nyasi ni nyasi, unachota za pembeni unafunika. Alisogeza mausi. Akaiangalia saa ya ukutani, akamwangalia Kaka Mkubwa aliyekuwa akiosha glasi huku akiimba. Kadi inaishia kiunoni, alijiambia. Hakuna atakayeona.

Akakiacha. Katika kila kitu walichokuwa wakimnyang'anya, hicho alijiachia.

*

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Baba yake Mwalimu alimtumia Jioni ujumbe wa maneno machache. Njoo. Beba mashine yako.

Walimwita Mzee Fundi. Alikuwa amejenga kuta na kupiga plasta miaka arobaini, magoti yakamstaafisha, lakini pima maji yake, ile ya kunyooshea kuta, bado iliegemea nyuma ya mlango wa sebule kama mkongojo wa mtu aliyetoka kidogo. Jioni aliingia na kompyuta kwapani, akavua kofia kwa adabu, akainua macho.

Juu ya televisheni ilining'inia picha, fremu ya dhahabu, kubwa kama dirisha. Haikukatiwa kiunoni. Ilikuwa nzima, pamoja na nyasi.

"Nilitaka kumshangaza Mzee!" Kaka Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kochi, amejaa furaha. "Nililichukua faili kwenye mashine yako juzi ukiwa umetoka. Imetoka vizuri, eh?"

"Imetoka," Jioni akasema.

"Kaa, mwanangu," Mzee Fundi alisema. Shangazi alikuwepo, na soda yake. Mwalimu alisimama mlango wa jikoni, mgongo kwenye fremu ya mlango, mikono nyuma.

Mzee Fundi hakuwa mtu wa kuzunguka. "Tangu jana naiangalia picha hii. Nzuri. Ila inaninyima usingizi wa mchana. Niulize kitu. Mhandisi huvaa kofia?"

"Kofia wapi?" Shangazi akadakia. "Kichwa wazi, kinang'aa kama sahani ya wageni."

"Kichwani hana. Tazama chini."

Shangazi aliweka soda, akaenda mpaka kwenye picha, akainama pua ikigusa kioo. "Jamani! Hiki kivuli kina mdomo wa bata!"

Kisha akageuka. Wote wakageuka. Kofia ilikuwa mapajani mwa Jioni, ameishika kwa ukingo wake uliovunjika.

"Na mikono," Mzee Fundi akaongeza, bila kupandisha sauti. "Juu, huyu mikono iko mfukoni na binti yangu mkono wake unaning'inia. Chini wameshikana."

Friji ilinguruma jikoni.

Kaka Mkubwa ndiye aliyeanza kusema, tena kwa kicheko. "Baba, hilo ni kosa la kompyuta. Mimi ndiye niliyemsimamisha pale, ili macho ya dada yapate pa kutua. Wakajaribu pozi la mikono, basi. Amesahau kufuta kivuli. Jioni, fungua mashine, kifute, kesho nachapisha nyingine. Dakika kumi, Baba."

Kwa maneno hayo alimfungulia Jioni mlango wa kutokea, kwa wema uleule wa miaka yote.

Jioni akafungua kompyuta juu ya meza. Picha ikatokea. Akachukua mausi, akaisogeza hadi kwenye nyasi, juu ya kofia ya kivuli. Akainua macho kidogo. Mwalimu hakumsihi wala hakutikisa kichwa. Alimtazama tu, kwa uso wa mtu ambaye ameshangoja basi mpaka akazoea kwamba halitakuja.

"Futa basi," Kaka Mkubwa akasema.

"Siwezi."

"Umesahau namna?"

"Sijasahau. Hata mtoto angeweza. Nilikiona siku ileile, Kaka, wewe unaosha glasi. Nilikiacha kwa makusudi."

"Kwa nini ukiache?"

"Kwa sababu kadi inaishia kiunoni. Nilijua hakuna atakayekiona. Nilitaka tubaki mahali."

"Mbaki nani?"

"Mimi na Mwalimu," Jioni akasema. Baada ya miaka mitatu likatoka kirahisi namna hiyo, kama kokwa. "Nampenda. Nilipaswa kukuambia mapema, na nilipaswa kumwambia yeye kwanza. Nilikuogopa. Si ubaya wako niliuogopa. Wema wako."

Kaka Mkubwa alisimama. Uso wake haukuwa wa hasira bado, ulikuwa wa mtu aliyekosea ngazi gizani. "Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa nasema kwa watu, huyu ni mdogo wangu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Na juzi ulikaa pale ukicheka na mimi habari za saa!"

"Nilicheka kweli, Kaka."

"Usiniite kaka! Ulimshika dada yangu mkono mimi nikiwa hatua hamsini!"

"Mimi ndiye niliyemshika," Mwalimu akasema kutoka mlangoni. "Yeye alikuwa amesimama kama mlingoti wa bendera."

"Wewe nyamaza!"

"Nimenyamaza vya kutosha. Hata wewe uliuona uso wangu ukasema ni uso wa mtu anayependa. Ulikosea mtu tu."

Shangazi alijishika kichwa. "Na ndugu zake Mhandisi tutawaambia nini? Kwamba tumekuta kivuli kwenye nyasi?"

"Mhandisi nitampigia mimi," Mwalimu alisema. "Hajanikosea. Anastahili kuambiwa na mdomo wangu, siyo wa ukoo."

Mzee Fundi alikuwa bado anaiangalia picha. Aliuliza bila kugeuka, "Kwa nini hukuniambia, mama?"

Alimwita mama pale tu moyo wake ulipolainika, na Mwalimu alilijua hilo. "Hukuniuliza, Baba. Uliniuliza kama harusi iwe Jumamosi au Jumapili."

Mzee akayapokea. Akasugua goti.

"Plasta," akasema hatimaye, "ukiikagua saa sita mchana, utamsifu fundi. Jua liko juu, kila ukuta ni mzuri. Mimi nilikuwa nakagua jioni, jua likiwa pembeni. Hapo kila kibonde kinatoa kivuli. Mafundi wangu walinichukia kwa hilo." Akamgeukia mwanawe. "Wapigie wachapaji. Kadi zisitoke."

"Baba! Unavunja harusi kwa sababu ya kivuli?"

"Ukuta ukipinda, unaubomoa ukiwa bado mbichi. Ukikauka utabomoa na waliolala ndani. Piga simu."

Kaka Mkubwa alitoa simu, hakupiga. Alimtazama Jioni, na sasa hasira ilikuwa imefika. "Funguo za studio."

Jioni alizitoa mfukoni, akaziweka mezani. Zilikuwa tatu: mlango wa mbele, kabati la kamera, na chumba chake cha nyuma. Akavua begi la kamera begani, akaliweka pembeni yake. Akaifunga kompyuta, nayo ilikuwa ya studio, akaisukuma.

"Nguo zangu nitakuja kuzichukua."

"Nitaziweka nje."

"Sawa." Alitaka kusema asante, akaona kwamba saa hiyo ingekuwa tusi.

Mzee Fundi aliinuka kwa kushika mkono wa kochi. "Wewe, na wewe, tokeni nje. Jua bado lipo."

Uani palikuwa na ukuta wa mpaka aliouchora na kuujenga mwenyewe Mzee, na kigoda chake chini yake. Akaketi. Jua lilikuwa limeanguka upande wa kamba ya nguo, na lilipaka kila kitu ile rangi ya asali, ukuta, ndoo, manyoya ya kuku wa jirani, shavu la kushoto la Mwalimu.

"Wewe pale. Na wewe pale," Mzee akaelekeza kwa fimbo. Waliposimama, kati yao pakabaki hatua nne na yeye katikati kwa mbele, kama refa. "Sikilizeni. Sijakubali kitu. Nimesema tu kadi zisitoke. Huyu hana kazi tangu dakika tano zilizopita, hana pa kulala, na ameiumiza nyumba yangu. Kijana, utaanza na mwanangu. Utamfuata kesho, atakufukuza. Utarudi keshokutwa. Mpaka achoke. Akichoka yeye, ndipo uje kwangu tuanze."

"Ndiyo, Mzee."

"Ilikuwa Baba mpaka jana."

"Ndiyo, Baba."

Ndani walisikia Kaka Mkubwa akiongea na wachapaji. Sauti ilikuwa ya ukali, kisha ikakatika katikati ya neno, kama ya mtu aliyegeuzia uso ukutani.

Jioni aliitia mikono yake mfukoni, akakumbuka nani mwingine amesimama hivyo, akaitoa haraka. Mikono ilikuwa mitupu, haikujua pa kwenda. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ile nusu saa ilikuwa imefika na yeye hana kitu shingoni.

"Huna kamera leo," Mwalimu alisema.

"Sina."

"Mwanga mzuri kama huu."

"Mzuri sana."

"Basi niangalie kwa macho."

Akamwangalia. Alivaa kofia yake, labda kwa kukosa la kufanya, na kivuli chake kikainuka kwenye ukuta wa Mzee na mdomo wake wa bata, hatua nne kutoka kwenye kivuli cha Mwalimu. Bila kujua, mguu wake mmoja ukasogea.

Fimbo ikagonga chini.

"Angalia," Mzee Fundi akasema, "ukiwa palepale ulipo."